Uanagenzi kwenye karakana ya kukereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwisho wa Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu hailali. Wazazi wanapiga, vijana wanatuma ujumbe, na wengine wanakuja wenyewe na bahasha ya vyeti mkononi. Wanauliza yaleyale. Nimeyaandika hapa kama ninavyoyajibu nikiwa nimesimama mlangoni pa karakana, mikono ina oili. Nazungumzia Tanzania, maana ndiko nilikojifunzia na ndiko ninakofundishia. Wa Kenya na wanaotamani Ujerumani wana sehemu yao huko chini.

Karakana ya namna hii ina tofauti gani na gereji?

Gereji inafungua kilichoharibika na kufunga kipya kutoka dukani. Sisi tunakereza, yaani tunachonga chuma kinachozungushwa na mashine, na tunaletewa kile ambacho duka halina. Shafti ya pampu iliyoliwa, bushi ya shaba ya mashine ambayo mtengenezaji wake alishafunga kiwanda, gia iliyovunjika meno mawili, pini ya greda. Viwanda vya sukari ndio mfano mzuri kwa mtu asiyejua kazi hii: msimu wa kusaga miwa ukifungwa wakati wa masika, yale magurudumu makubwa ya kukamulia yanafunguliwa, yanakerezwa upya, na mifereji yake inachongwa tena kabla msimu haujarudi. Hakuna duka la kwenda kununua gurudumu la namna hiyo Jumatatu asubuhi.

Tofauti ya pili ni kipimo. Fundi wa mageti akipitiliza milimita 2 anaongeza mshono wa kuchomelea, geti linafunga, maisha yanaendelea. Kwetu 0.02 ya milimita inatosha kurudisha kazi (tukisema kazi ni kile kipande kinachochongwa). Unywele mmoja wa kichwani una unene wa kama 0.07. Kwa hiyo mtu anaposema "nimekosea kwa unywele tu", hapa kwetu amekosea sana.

Mwanagenzi ni nani hasa? Si ndiyo spana boi?

Mtaani wanasema spana boi, wengine wanasema saidia fundi. Kazi zinafanana kwa mbali: wote wanafagia, wote wanatumwa chai. Lakini mwanagenzi ana makubaliano. Anajua anajifunza nini, kwa muda gani, kwa nani, na mwisho wake atafanya mtihani gani. Spana boi anaweza kukaa miaka saba anashika tochi. Ukimleta mwanao, uliza kama kuna karatasi. Pasipokuwa na karatasi, jua umempeleka kusaidia kazi, na hilo nalo si dhambi, ila lijulikane tangu mwanzo.

Umri gani? Elimu gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kiwandani au mahali pengine penye mazingira ya hatari. Chaki ya mashine, yaani kile kichwa chenye meno ya kushikia chuma, inayozunguka mara 900 kwa dakika ni hatari, hakuna ubishi. Kijana wa miaka 15 au 16 aanzie chuoni, chini ya mwalimu. Karakana itamsubiri.

Elimu: nimefundisha wa darasa la saba na nimefundisha wa kidato cha sita. Anayesoma mchoro na kugawanya desimali bila kutapatapa anatosha.

Mwanangu alipata F ya hesabu. Ataweza?

Inategemea F ilitoka wapi. Kama ni kwa sababu hakupenda hesabu zisizo na kitu mkononi, huku huenda akazipenda. Nikupe mfano wa hesabu ya kila siku. Una chuma laini chenye kipenyo cha milimita 50, kisu ni cha HSS, chuma kigumu cha visu vya kukatia, na unataka kukata kwa mwendo wa mita 30 kwa dakika. Mashine izunguke mara ngapi? Mara 1000 hiyo 30, gawanya kwa 3.14 mara 50. Jibu ni 191. Mashine haina 191, ina 180 na 250, unachukua 180. Basi.

Pembe zipo pia. Sine baa (chuma kilichonyooka chenye roli mbili, cha kupangia pembe) yenye urefu wa milimita 100 kati ya roli zake, ukitaka nyuzi 30, unaiinua upande mmoja kwa vitalu vya 50, kwa kuwa saini ya 30 ni nusu. Nimeona kijana aliyetoroka vipindi vya trigonometria akalielewa hili kwa dakika kumi, halafu akakasirika kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kazi yake.

Asiyejali nukta ya desimali iko wapi ndiye hataweza. Huyo hata akiwa na A.

Miezi ya kwanza anafanya nini? Kuna mama aliniambia mwanawe anapiga tupa tu.

Ni kweli anapiga tupa. Namfungia kipande cha chuma laini kwenye jiliwa, milimita 60 kwa 60, unene 12, kimekatwa kwa msumeno na kimepinda kila upande. Kazi yake ni kukifanya kiwe mraba kamili, pande zikiwa sambamba ndani ya 0.05, kwa tupa na mikono yake. Wengi huchukua wiki tatu na vipande vinne au vitano.

Vijana wanadhani ni adhabu. Wameona video za mashine zinazochonga zenyewe, halafu mzee anawapa kifaa cha enzi za babu. Ngoja nieleze kinachotokea kwenye zile wiki tatu.

Siku ya kwanza anasukuma na kuvuta kama anasugua sufuria. Tupa inakata ikienda mbele tu. Ukiivuta nyuma huku umeikandamiza unayaua meno. Siku ya tatu mgongo unauma, anaanza kusimama vizuri: mguu wa kushoto mbele, kiwiko kwenye usawa wa kazi. Wiki ya kwanza ikiisha, uso wa chuma umekuwa na mgongo kama wa samaki, kati juu, kando chini, kwa sababu mikono inabembea. Hapo namfundisha skwea na mwanga. Unaweka skwea juu ya uso, unainua kuelekea dirishani, unachungulia. Mwanga unapenya kwenye pengo lililo dogo kuliko 0.01 ya milimita, na jicho linauona. Kwa mara ya kwanza kijana anaona kosa ambalo kidole hakikumwambia.

Halafu anajifunza kupaka chaki ya ubaoni kwenye tupa ili vipande vya chuma visikwame katikati ya meno na kuchana uso. Anajifunza rangi ya bluu: unaipaka kwa unyevu mdogo kwenye bamba lililonyooka, unasugua kazi yako juu yake, na kila palipo juu panadoa. Unapunguza palipodoa tu, unarudia.

Mwisho wa wiki hizo mikono yake imejua chuma kinavyolalamika kikikatwa vibaya. Akipanda kwenye mashine, akasikia kisu kinapiga kelele, hataniita. Atajua.

Yule mama mwambie mwanawe bado hajafika kwenye keekee.

Kwa nini mnahangaika na kupima kuliko kukata?

Kwa sababu kukata kunafanywa na mashine. Anayejua vipimo ni wewe peke yako.

Vernia ya kawaida inasoma mpaka 0.02. Maikromita inasoma 0.01: ukizungusha ngoma yake raundi moja inasogea nusu milimita, na kwenye ngoma kuna mistari 50. Ukielewa hilo umeielewa. Ugumu uko kwenye mkono. Kijana mwenye nguvu anaibana maikromita kama koleo, anasoma 24.97; anayeigusa kwa ile rachi mpaka ilie mara tatu anasoma 24.99. Kazi ni ileile moja. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, tunafuta midomo ya maikromita kwa karatasi safi, tunaifunga taratibu na kuangalia kama inasoma sifuri. Jioni tunaiacha na upenyo kidogo, haifungwi ikabanana.

Mchoro ukiandika 25H7 kwenye tundu, maana yake tundu liwe kati ya 25.000 na 25.021. Shafti inayoteleza ndani yake ikiandikwa 25g6, iwe kati ya 24.980 na 24.993. Soma tena namba hizo. Shafti kubwa kuliko zote ndani ya tundu dogo kuliko yote bado inaacha mikroni 7, yaani 0.007 ya milimita, za oili. Aliyepanga hivyo alitaka shafti yoyote iliyopita ukaguzi iingie kwenye tundu lolote lililopita ukaguzi, hata kama moja imetengenezwa Tanga na nyingine Mwanza na mafundi hao hawajawahi kuonana.

Mwanagenzi wangu wa pili aliwahi kuniuliza, "Fundi, ikitoka 24.994 si ni sawa tu?" Nikamwambia aandike 24.994 kwenye daftari, kisha aniulize tena. Hakuuliza. Namba ikishaandikwa inakuwa ngumu kuibembeleza.

Joto la Dar linahusiana vipi na vipimo?

Swali hili huulizwa na wachache, nami ndilo nalipenda kuliko yote.

Vipimo vyote vya michoro, dunia nzima, vimewekwa kwa joto la nyuzi 20. Chuma cha urefu wa milimita 100 kikipata joto la nyuzi 10 zaidi kinarefuka kama 0.0115. Alumini inarefuka mara mbili ya hapo, kama 0.023. Karakana ya Dar es Salaam mwezi wa pili iko nyuzi 32 au zaidi. Ukiwa na kazi ya chuma na maikromita ya chuma, vyote vimelala pamoja usiku kucha kwenye benchi moja, makosa yanafutana kwa kiasi kikubwa. Ukipima alumini, hayafutani. Na ukipima kitu kilichotoka mashineni sasa hivi, umejidanganya.

Yalinikuta mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja. Shafti ya kukalia beringi namba 6210, tundu lake 50. Kiti chake kwenye shafti kilitakiwa kiwe kati ya 50.002 na 50.018, ili beringi iingie kwa kubanwa. Nilikata haraka bila maji ya kupoozea, nikapima palepale, nikapata 50.01. Safi kabisa. Nikamwita mkaguzi, akasema anakunywa chai kwanza. Alipokuja, shafti imepoa, beringi iliingia kwa kidole kimoja na kutoka kwa kidole kimoja. Chuma kilikuwa na nyuzi kama 60 nilipokipima. Nyuzi 40 za ziada kwenye kipenyo cha 50 ni 0.023 ya milimita, kwa hiyo shafti yangu halisi ilikuwa kama 49.987. Nusu siku ya kazi na nusu mita ya chuma kizuri vilikwenda kwenye lundo la skrepa.

Mkaguzi hakunigombeza. Alichukua ile shafti akaiweka juu ya kabati langu, ikakaa hapo mpaka nilipoondoka.

Mbona mashine zenu zina inchi na sisi tulifundishwa milimita?

Kwa sababu lethi, yaani mashine za kukereza, nzuri za zamani zilikuja kutoka Uingereza, na chuma chake bado ni imara kuliko nyingi za leo. Mstari mmoja kwenye hendeli ya mashine hizo ni elfu moja ya inchi, yaani 0.0254 ya milimita. Utazoea ndani ya mwezi.

Uzi wa bolti ndio wenye mambo. Joseph Whitworth alipendekeza uzi wa kiwango kimoja Uingereza mwaka 1841, pembe yake nyuzi 55. Uzi wa metriki ni nyuzi 60. Usidhani wa Whitworth ulikufa: uzi wa mabomba ya maji hapa kwetu, ule wa nusu inchi na robo tatu, mpaka leo una pembe yake. Nati ya aina moja kwenye bolti ya nyingine inaingia raundi mbili, inakaba, na wasiojua wanaongeza nguvu.

Na ukikuta lethi ya inchi ina gia moja kubwa ya meno 127 imening'inizwa ukutani, usiitupe wala usiruhusu mtu aiuze kama chuma chakavu. Inchi moja ni milimita 25.4. Zidisha kwa 5 unapata 127. Hiyo gia moja ndiyo inayowezesha mashine ya inchi kukata uzi wa metriki bila kosa hata kidogo. Nimeona karakana ilipoteza yake wakati wa kuhama, wakahangaika miaka.

Usalama ukoje? Nimesikia mtu alikatika vidole.

Umesikia kweli, na utasikia tena. Sitapamba.

Cha kwanza kujifunza kwenye mashine ni kitufe chekundu cha kuzima. Namsimamisha kijana, namfumba macho, namwambia akiguse. Mpaka akipate mara kumi bila kupapasa ndipo tunaiwasha.

Glavu hazivaliwi kwenye mashine inayozunguka. Wageni wanashangaa, wanadhani glavu ni kinga. Glavu ikishikwa na kazi inavuta mkono wote; ngozi tupu ingechubuka tu. Pete, saa, kamba ya kitambulisho, nyaya za simu masikioni, mikono mirefu ya shati, vyote vinabaki nje. Ufunguo wa chaki hauachwi kwenye chaki hata kwa sekunde mbili. Anayeuacha hapa kwetu anakwenda nyumbani siku hiyo, hata kama mashine ilikuwa imezimwa. Ufunguo ule ukiwashiwa mashine unaruka kama jiwe la kombeo.

Vile vinyuzi vya chuma vinavyojikunja kutoka kwenye kisu vinakata kama wembe na vinatoka vya moto. Vinaondolewa kwa ndoano, mashine ikiwa imesimama. Hewa ya kompresa haielekezwi mwilini, wala hatusafishii nayo lethi, maana inasukuma vumbi la chuma ndani ya reli zake. Miwani ni muda wote. Maji ya kupoozea yaoshwe mikononi kabla ya kula, la sivyo ngozi itaanza kupasuka na kuwasha.

Kisheria, tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mzazi anayo haki ya kuuliza kama karakana imesajiliwa huko na kama mwanawe atahesabiwa. Fundi akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Nikiharibu kazi ya mteja itakuwaje?

Utaharibu. Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni hili: unataka kupunguza kipenyo kwa 0.2, unazungusha hendeli 0.2. Kisu kinakula upande mmoja, lakini kazi inazunguka, kwa hiyo kipenyo kinapungua 0.4. Kazi imekwisha. Mashine nyingine hendeli yake inasoma kipenyo moja kwa moja, hivyo ukihama mashine unakosea upande wa pili. La pili ni mchezo wa skrubu: umepitiliza, unarudisha hendeli nyuma kidogo, namba inaonyesha umerudi, ila kisu hakijasogea. Rudi nyuma nusu raundi kisha uje mbele tena, kila mara kutoka upande uleule.

Ukiharibu, njoo useme. Kazi iliyoharibika na ikasemwa saa nne asubuhi, mteja anaambiwa, chuma kingine kinatafutwa, jioni ameondoka. Iliyofichwa inafungwa kwenye mashine ya mtu na kuvunjika ikiwa inazunguka. Sijawahi kumfukuza mwanagenzi kwa kuharibu. Nimewahi kumwondoa mmoja kwa kuandika kipimo ambacho hakukipima.

Wasichana wanaweza?

Ninao wawili sasa hivi. Chuma kizito kinabebwa kwa winchi, wanaume nao wanabebewa na winchi. Kazi ya kutafuta senta kwenye chaki ya meno manne, kuangalia saa ya kupimia, kulegeza jino moja na kukaza la mkabala, kukumbuka kwamba saa ikionyesha 0.04 kazi iko nje kwa 0.02 tu, inataka utulivu. Mmoja wao anaimaliza kwa dakika nne. Mimi natumia sita.

La kujiandaa: nywele zifungwe na zifunikwe, hijabu ichomekwe ndani ya ovaroli, iwe ile fupi ya kubana. Kanga inabaki kabatini. Na dada, angalia kama karakana ina choo chenye mlango unaofungika. Naandika hili kwa sababu kuna mmoja aliacha kazi nzuri mahali pengine kwa jambo hilo tu.

Siku hizi kuna CNC. Kwa nini nijifunze za mkono?

Jifunze zote. CNC ni mashine inayoongozwa na kompyuta, na programu yake si uchawi: G00 ni kusogea kwa kasi bila kukata, G01 ni kukata kwa mstari ulionyooka, M03 inazungusha, M30 inamaliza. Wiki chache unaandika programu rahisi. Ila mashine hiyo haijui kwamba kazi imefungwa legelege, kisu kimechoka, au chuma ulicholetewa ni ekseli ya lori iliyokufa ambayo ugumu wake hubadilika kila sentimita tano. Inafuata ulichoandika, na ukiandika Z (namba ya kusogea kuelekea chaki) vibaya inakipeleka kisu ndani ya chaki kwa mwendo wake wote. Aliyekereza kwa mkono anasikia mapema. Isitoshe karakana nyingi zetu kazi ni moja moja: shafti moja, bushi mbili. Kwa kazi moja, lethi ya mkono inamaliza kabla mwenye CNC hajamaliza kuandika.

Inachukua muda gani, na vyeti vyake?

Kukereza kitu ukakiamini wewe mwenyewe: mwaka. Mimi nikakiamini bila kukipima tena: mitatu.

Kwa vyeti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inatoa Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi kwa ngazi tatu, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi. Si kila chuo chake kina fani hii, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza fomu. Vyuo vya Don Bosco navyo vina karakana za mitambo, na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharamia vijana kwenye mafunzo ya uanagenzi. Matangazo yake yasubiriwe. Aliyejifunzia mtaani bila cheti asikate tamaa: VETA ina utaratibu wa kumpima na kurasimisha ujuzi alionao.

Anayetaka kuendelea mbele, stashahada ya uhandisi mitambo inapatikana Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha. Hapo unakuwa fundi sanifu. Mhandisi ni mwenye shahada aliyesajiliwa na bodi yake. Nasema hivi kwa sababu kila mwenye ovaroli la bluu mtaani anaitwa injinia, na kijana akienda kwenye usaili akajiita hivyo anachekwa.

Analipwa?

Miezi ya kwanza nauli na chakula. Akianza kutoa kazi inayouzwa, posho inapanda. Nisichokubali ni mzazi kunilipa ada halafu mwanawe awe ananifagilia. Ukiombwa ada, dai ratiba ya mafunzo.

Niko Kenya. Na je, Ujerumani?

Kenya mwende NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ndio wanaosimamia uanagenzi wa viwandani na mitihani ya daraja la tatu, la pili na la kwanza.

Ujerumani mwanagenzi anasaini mkataba na kampuni, anagawa muda wake kati ya kiwanda na shule, na analipwa kila mwezi. Kwa fundi wa kukereza ni miaka mitatu na nusu. Kinachowakwamisha wengi ni lugha, kwa kawaida hutakiwa Kijerumani cha daraja B1. Anayekuambia atakupeleka bila lugha, kwa malipo ya mkupuo, mwogope.

Nitaijuaje karakana nzuri?

Usiangalie idadi ya mashine. Angalia maikromita inalala wapi. Ikiwa kwenye boksi lake, endelea kutazama. Ikiwa imelala kwenye lethi katikati ya vyuma, aga kwa heshima. Tazama sakafu chini ya mashine, tazama kama tupa zimerundikwa pamoja zikikwaruzana kama kuni. Muulize mwanagenzi wa zamani, fundi akiwa mbali, mara ya mwisho aliharibu nini na ilikuwaje. Akijibu bila kugeuka nyuma kumtafuta fundi kwa macho, hapo panafaa.

Mimi natumia mkono wa kushoto / navaa miwani. Kuna tatizo?

Hapana. Hendeli za mashine zinatumia mikono yote miwili, na miwani ya kinga ipo ya kuvaa juu ya ile yako.

Siku ya kwanza nije na nini?

Viatu vya ngozi vilivyofungwa, si raba za kitambaa wala makubazi. Ovaroli la kukutosha, lisilopwaya. Daftari dogo la kuingia mfukoni na penseli, maana kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye oili. Kucha fupi. Pete iache nyumbani, hata ya ndoa. Mueleze mwenzio mapema. Vernia usinunue bado, zile za bei rahisi zitakufundisha uongo. Tunafungua saa moja na nusu, na wa kwanza kufika ndiye anayefuta maikromita.